Mwili wa Bi Harusi

Jumamosi, 7 Juni 2025
Dada Lusia amerudi kutoka chuo, Iringa. Amekonda! Sweta linaning'inia kama bado liko kwenye kamba ya kuanikia. Mama kamkumbatia, kamwachia, kamkumbatia tena, kana kwamba mara ya kwanza hakumpata wote.

Shangazi Verediana kauliza kama huko Iringa chakula kinagawiwa kwa kura. Krismasi ni yeye huyohuyo aliyesema Dada akiendelea kunenepa, gauni la kuagwa siku ya send-off litashonwa na fundi wa maturubai. Nimejaribu kufikiria uzito ambao ungemridhisha Shangazi. Nadhani haupo.

Jumanne, 10 Juni
Kikao cha kamati ya send-off, sebuleni kwetu, mtaa wa Soweto. Ajenda ya kwanza sare, ya pili mwili wa Dada. Dada mwenyewe alikuwa anagawa chai.

Upande mmoja: abaki hivyo hivyo, gauni limkae. Upande wa pili: wakwe wa Makongolosi watadhani tunawapa mgonjwa. Wakabishana mpaka Baba akatoa mizani yake ya viazi, akampandisha hapo uani.

"Hata nusu gunia halijatimia," akasema.

Wakacheka. Dada naye akacheka, akashuka, akaendelea kugawa chai.

Imeamuliwa alishwe. Kamati ndogo imeundwa. Uji wa maziwa, parachichi, ndizi kwa nyama. Mwenyekiti Shangazi. Mimi katibu — eti nina mwandiko mzuri.

Ijumaa, 13 Juni
Dada anamaliza kila sahani. Kamati inajipongeza. Kisha anaingia bafuni, anafungulia bomba mpaka mwisho. Leo nimesikia kilichofichwa na maji. Anatapika.

Nilimsubiri mlangoni. Kasema ilianza baada ya Krismasi, mwanzoni kwa makusudi, siku hizi hawezi kujizuia. Ataacha send-off ikipita. Nisimwambie Mama. Nikaahidi.

Kitabu cha Biolojia kina picha ya mtoto mwenye kwashakoo. Mtu anayekula na kujitapisha hayumo. Lakini nimemwona akishika ukuta asianguke. Ahadi gani hii?

Jumapili, 15 Juni
Wakwe wamekuja baada ya ibada. Dada kala sahani mbili. Shangazi aling'aa, akamweleza Mama Dastan, mama wa mchumba, kuwa kwenye ukoo wetu kula ni kipaji. Dada akaomba radhi, akaenda. Bomba. Halafu kishindo.

Shangazi akaanzisha pambio ili wageni wasisikie.

Nikasimama. Mimi, ninayeona haya hata kuitikia jina darasani.

"Mama, Dada anatapika. Kila akila, anatapika."

Pambio likakatika. Mama Dastan akanitazama, akamtazama Mama, kisha akapiga kigelegele kirefu, wanawake wengine wakakidaka. Mjukuu! Baba, mzee wa kanisa, akainamia viatu vyake. Shangazi akasema gauni litapanuliwa kiunoni. Nikasema siyo mimba, nikarudia, nikarudia tena. Nikaambiwa mtoto hajui mambo haya.

Sasa nimekaa mlangoni pa bafu na daftari. Dada anasema ni ndoo tu iliyoanguka, lakini hafungui. Sebuleni wanachagua jina. Mama amekuja, amesimama nyuma yangu. Ni yeye tu ambaye hakupiga kigelegele.

Dada anauliza kutoka ndani, "Kwani wanashangilia nini?"