Mpaka Gari Ipone

Jumatatu, 3 Machi

Nimefua Lanet tena. Ile nyumba ya ghorofa yenye watoto mapacha. Mashuka, mapazia, sare za shule. Vidole vimechubuka, hata kitunguu kinaniuma nikikata. Kati ya nguo kulikuwa na soksi za mtoto wa miaka minne hivi, zile za kuvutwa mpaka magotini. Nilizifua mara ya pili na hazikuwa chafu.

Nikarudi Kaptembwo, nikapitia gereji kabla ya kuingia nyumbani. Gari bado iko juu ya mawe. Fundi Odhiambo hajaigusa leo. Baba Ciru alikuwa amekalia tairi, anangoja, kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Ciru wetu bado yuko kwa Shosho, nyanya yake.

Jumatano, 5 Machi

Leo Odhiambo amefungua tangi. Engine ya kwanza ilipokufa, Baba Ciru aliweka engine ya kisasa, ya injekta, kutoka kwa gari iliyogongwa. Tangi akabakisha ile ya zamani. Odhiambo anasema hapo ndipo kuna shida. Ndani ya tangi hakuna kuta. Gari ikipanda mlima mafuta yote yanakimbilia nyuma, pampu inavuta hewa, engine inakufa. Engine ya zamani ingevumilia. Hii haivumilii hata kidogo.

Dawa ni tangi ndogo, itakaa kwa buti. Pampu moja inatoa mafuta tangi kubwa, inajaza hiyo ndogo. Pampu ya pili, yenye nguvu, inavuta kutoka kwa ndogo inapelekea engine. Ndogo inakaa imejaa kila wakati. Nilielewa haraka. Ni kama kuweka jagi ya maji karibu na kitanda, badala ya kukimbilia mtungi kila mtoto akilia kiu.

Odhiambo akamgeukia Baba Ciru. "Lakini boss, hii tangi yako haijawahi kushiba tangu izaliwe. Unataka nikuwekee tumbo ya pili na ya kwanza bado iko na njaa?"

Gereji yote ilicheka. Hata mimi nilicheka. Baba Ciru hakucheka. Na ni kweli. Sisi huweka mafuta kidogo kidogo, ya kufika tu. Ile taa nyekundu ya mafuta tumeizoea, tunaiona kama taa ya jirani. Hata siku ile ilikuwa inawaka.

Ijumaa, 7 Machi

Wacha niandike siku ile. Sijawahi kuiandika.

Ilikuwa wakati wa baridi, mwezi wa saba. Tulikuwa tunaenda Ndabibi kuona Shosho, mama ya Baba Ciru. Boma lake liko juu, barabara ya vumbi inapanda moja kwa moja mpaka getini kwake. Alikuwa amesimama pale getini anatupungia. Karibu tufike, gari ikakohoa, ikazima. Engine ikizima breki nayo inakuwa ngumu kama jiwe. Tukaanza kurudi nyuma. Nyuma, nyuma, mpaka tukagonga ukingo wa udongo. Ciru alikuwa amesimama kiti cha nyuma, anampungia nyanya yake. Mkono ulivunjika.

Shosho alishuka ule mlima akikimbia bila viatu. Akamtoa Ciru kwa mlango uliopinda. Hakutuangalia hata mmoja wetu.

Akasema mtoto abaki mpaka mkono upone. Nikasema sawa, nani angekataa? Mkono ukapona. Akasema basi, mpaka gari ipone. Nikamwambia nitamchukua na matatu. Akasema Ciru alipewa jina lake yeye Shosho, huyo mtoto ni yeye amezaliwa mara ya pili, na hawezi kuacha azungushwe barabarani na watu wasiojua kuweka mafuta. Tukija kumchukua, tuje na ile ile gari, na aione ikipanda. Baba Ciru aliangalia chini. Akamwambia, "Mami, nitakuja nayo ikiwa nzima." Hakuniuliza. Kwao neno la mtoto wa kiume kwa mamake halirudi.

Nilienda kumwona Ciru Desemba. Nilipoondoka alilia wiki nzima, Shosho akasema nisirudi tena mpaka siku ya kumchukua, nisimpasue mtoto roho mara mbili. Nikaona ana haki. Sasa sijui kama alikuwa na haki.

Jumapili, 9 Machi

Nimeongea na Ciru kwa simu. Ni kusema nimeongea mimi. Yeye alikuwa anapumua tu. Nikamwuliza amekula nini. Akapumua. Kisha nikamsikia anaita mbali na simu, "Mami, nimemaliza, naweza kwenda?"

Mami ni Shosho.

Jumanne, 11 Machi

Tangi ndogo iko tayari. Odhiambo alichukua mtungi wa kuzima moto uliokwisha kazi, akaukata, akauchomelea midomo minne. Mmoja wa kuingiza mafuta. Mmoja wa kupelekea engine. Mmoja wa kupokea yale engine imebakisha. Mmoja wa kurudisha yaliyozidi kwa tangi kubwa. Ameupaka rangi ya fedha. Ni kitu kizuri. Nilikishika mikononi nikaona kina uzito wa mtoto mchanga, nikakirudisha chini haraka.

Pampu mbili pia zimefika, za mitumba. Zimefungwa kwa gazeti kama samaki.

Odhiambo anasafiri kwao, kuna matanga. Amesema tusiguse kitu mpaka arudi. "Shemeji, nakuachia wewe huyu bwana. Mfunge kamba."

Leo nimefurahi. Naandika ili nijue kwamba kulikuwa na siku nilifurahi.

Ijumaa, 14 Machi

Baba Ciru ameunguza pampu.

Hakuweza kungoja. Mimi nilikuwa Lanet. Alizifunga mahali pake, akaunganisha waya na betri moja kwa moja, ati azisikie tu kama ziko sawa. Zikalia vizuri. Akaziacha zilie, akakaa hapo kusikiliza. Kumbe ndani ya tangi hakukuwa na mafuta, labda kikombe kimoja. Pampu hupozwa na mafuta yenyewe. Ile yenye nguvu ililia, sauti ikapanda, ikanyamaza. Nilipofika bado kulikuwa na harufu ya waya.

Tulimpigia Odhiambo simu huko kwao, nyuma yake watu wakiimba nyimbo za matanga. Akauliza mafuta yalikuwa kiasi gani. Kisha akasema, "Boss, uliisikia ikilia kiu ukadhani ni muziki."

Sikumgombeza Baba Ciru. Sina nguvu. Nilipika ugali na sukuma, nikala, nikalala nikiangalia ukuta. Kitanda kidogo cha Ciru kiko upande huo. Tumeweka magunia ya viazi juu yake.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani wakati wa maombi nilisimama nikasema niombewe gari. Mchungaji akadhani naomba Mungu aninunulie. Akahubiri dakika nyingi juu ya kuridhika na ulichonacho. Wamama wakasema amina. Nilikaa chini.

Sikuweza kusema, ni gari ili nipate mtoto. Ningesema hivyo wangejua kwamba mtoto wangu ana mama mwingine.

Nimechoka na Baba Ciru. Nimechoka na Shosho. Nimechoka na mimi.

Jumatano, 19 Machi

Odhiambo amerudi. Nyuma ya gereji kuna gari yake mwenyewe, imelala miaka, siku moja ataifufua. Alienda akatoa pampu yake akaifunga kwa yetu. Nilipotaka kushukuru akasema, "Shemeji, wacha. Hata mimi mtoto wangu wa kwanza alilelewa na dani. Akija Nakuru ananiita jina langu, kama jirani."

Dani ni nyanya kwao.

Sikulala vizuri nikifikiria hayo. Alisema kama utani. Macho hayakuwa kwa utani.

Ijumaa, 21 Machi

Tangi ndogo iko kwa buti. Mapaipu yote yamefungwa. Mara ya kwanza ilivuja, klipu moja ilikuwa imelegea, petroli ikatiririka mpaka chini ya kiti cha nyuma. Odhiambo alifukuza kila mtu mwenye sigara kama anafukuza kuku. Mimi nilishika tochi, Baba Ciru akakaza. Ikakauka. Tukaacha milango wazi harufu itoke.

Jioni tukaenda kujaribu barabara ya kupanda Menengai, pale juu panapokuwa wima. Odhiambo alikataa tuongeze mafuta. Alitaka ile taa nyekundu iwe inawaka. Akakaa nyuma, sikio kwa buti. Nilishika mlango kwa mikono miwili. Nilifunga macho. Tukapanda, tukapanda, na haikukohoa hata mara moja.

Kule juu Baba Ciru alizima gari, akaweka kichwa kwa usukani. Nilimwekea mkono mgongoni. Ni muda sijamgusa hivyo. Odhiambo akasema anashuka akaangalie crater, lile shimo kubwa la mlima, wala hakuiangalia. Alikuwa anatupa nafasi.

Keshokutwa tunaenda Ndabibi.

Jumapili, 23 Machi

Tulijaza tangi mpaka juu. Baba Ciru anasema ni mara ya kwanza tangu ainunue. Hakukuwa na haja. Alijaza tu.

Nilipika chapati asubuhi. Nilivaa ile nguo ambayo Ciru alikuwa anapenda kushika mshono wake akilala.

Chini ya ule mlima Baba Ciru alisimama, akapangusa viganja kwa suruali. Shosho alikuwa getini. Kando yake kitu kidogo chekundu. Tukapanda. Gari ilipanda kama inavutwa na kamba. Nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Tulipokaribia, kile kitu chekundu kikakimbia, kikapotea ndani ya boma.

Shosho ni mtu wa neno lake. Alizunguka gari yote. Akaangalia ule ukingo wa udongo chini. Akasema, "Haya. Imepona." Nguo za Ciru zilikuwa zimefungwa kwa leso tangu asubuhi, zimepigwa pasi. Macho ya Shosho yalikuwa yamevimba.

Ciru alitoka, akashika sketi ya Shosho. Amekuwa mrefu. Shosho akamsukuma kidogo. Akaja akanipa mkono, akainamisha kichwa nimguse, vile watoto hufunzwa kusalimia watu wakubwa. Kisha akageuka, "Mami, huyu mgeni atalala?"

Shosho alianza kusema, si mgeni, huyu ni. Sauti ikamwishia hapo.

Tulikula. Alikula chapati yangu, akaomba nyingine. Akanionyesha kuku aliyelalia mayai. Akanishika kidole kimoja, cha shahada. Nilidhani tumefika.

Ndipo Baba Ciru akaenda kugeuza gari. Engine iliponguruma Ciru aliachilia kidole changu. Hakupiga kelele. Alisimama tu, akashika ule mkono uliovunjika kwa mkono wa pili, na mkojo ukamshuka miguuni mpaka kwa viatu.

Miezi yote hiyo tumekuwa tukiuliza gari iko aje. Hakuna aliyemwuliza yeye.

Nilimwambia Baba Ciru azime. Shosho akasema, "Mchukueni tu, atazoea. Mimi nilisema nitampeana na nimempeana." Nikasema hapana. Ni mimi nilisema, si Shosho, si Baba Ciru. Naandika hivyo nisije nikasahau nikalaumu mtu.

Nilimwosha miguu. Nikambadilisha nguo kutoka kwa ile leso. Aliniacha nifanye.

Tukaondoka na kiti cha nyuma bila mtu. Kabla ya Gilgil kuna mlima mrefu. Nikaomba gari izime pale. Niliomba kwa moyo wangu wote, izime tukwame, tuwe na sababu ya kurudi. Haikuzima. Pampu zilikuwa zinalia polepole nyuma yetu njia yote.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imenyesha. Sikuenda Lanet. Nilituma ujumbe kwamba wiki hii watafute mtu mwingine wa kufua, na kama watampenda kuliko mimi ni sawa.

Nimetoa magunia ya viazi kwa kitanda cha Ciru. Godoro nimeliegemeza ukutani lipate hewa.

Baba Ciru ametoka na gari kubeba kabeji. Kabla hajatoka nilimwambia ninaenda Ndabibi, nitakaa huko. Siku ngapi sijui. Nimempigia Shosho. Akasema kuna maharagwe ya kupukuchua, na kitanda kiko.

Baba Ciru akasema basi atanipeleka, gari si iko sawa sasa. Nikamwambia hapana, baba. Nitaenda na matatu, nishukie chini barabarani, nipande ule mlima na miguu, mchana, Ciru akiwa anacheza pale getini. Nataka anione kutoka mbali.