Babu Yako Ameacha Nati Wazi

Mjukuu wangu, mke mwenzangu, fundi wa ndege,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Anayeniandikia ni mshonaji jirani yetu, na nimemwonya asiyatie marembo maneno yangu.

Juzi tulikuwa tunatoa hewa kwenye breki za teksi. Babu yako chini ya gari, mimi kwenye usukani, kama kawaida yetu. "Kanyaga!" Nikakanyaga. "Shikilia!" Nikashikilia. Akalegeza nati ili hewa itoke, kisha kimya. Kuchungulia, mwenzangu yuko bombani ananawa mikono, anamwambia dereva gari liko tayari! Nati iko wazi, mafuta ya breki yanamwagika. Amesahau, mwanangu. Wala si mara ya kwanza.

Nikauficha ufunguo wa gari kifuani mpaka akaja fundi wa mtaa wa pili kumalizia. Babu yako kanuna hadi leo. "Umeniaibisha mbele ya mteja!" Nikamjibu, "Heri aibu kuliko maiti."

Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Mweleze ulivyonieleza mimi: injini ya ndege hutoa sehemu ya hewa iliyoishindilia yenyewe, abiria wapate kupumua huko juu na mabawa yasigande barafu. Nguvu hupungua kidogo, lakini ndege inaruka. Basi na yeye agawe kazi. Omba likizo uje. Nati ushike wewe, yeye akae kitini akanyage.

Na ukimpigia simu usilie. Hatumfukuzi kazi, tunamwongezea mikono.

Ni mimi bibi yako, mkali kwa wote ila kwako.