Pampu Iliyolala

Jumamosi, baada ya isha

Kumbe boti haikuwa mbovu.

Tangu Mjomba afunge nyaya mpya na skrini ya kuonyesha kina, kila asubuhi Baba anakuta maji chini ya injini. Jana alisema akiyakuta tena, anaiuza; mnunuzi ameshampata. Nilishindwa kula.

Leo nilifuata waya wa pampu ya kutoa maji kwa kidole mpaka kwenye swichi kubwa. Pampu hiyo hujiwasha yenyewe maji yakipanda. Lakini Baba kila jioni huzima swichi kubwa, kama anavyofanya nyumbani tukisafiri.

"Mjomba, swichi ikizimwa, pampu inapata wapi umeme?"

Mjomba, ambaye miaka yote amefunga umeme majumbani huko bara, mbali na bahari, aliufuata waya kwa macho. Kisha akacheka. "Wallahi nimeifunga kama taa ya sebuleni! Usimwambie mamako."

Tukaiunganisha moja kwa moja na betri, pamoja na fyuzi yake. Skrubu ya mwisho nilikaza mimi.

Baba akaja, akazima swichi kubwa. Nikamwaga ndoo mbili za maji chini ya injini. Kimya. Nikaona aibu... Halafu pampu ikanguruma, maji yakaruka nje ubavuni, yakamlowesha Mjomba.

"Stahili yako, fundi wa sebule," Baba akasema.

Bado naogopa betri isije ikaisha kabla ya alfajiri. Yule mnunuzi alipiga simu wakati wa chakula. Baba aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, akaniongezea samaki.