Buti Mlangoni

Mwenzangu, shika simu!

Unazikumbuka buti za marehemu mume wangu? Tangu nistaafu nianze kuzunguka peke yangu na hiki kigari changu chenye kitanda, naziweka mlangoni kila ninapoegesha, watu wadhani ndani kuna mwanamume.

Sasa hapa kambini nilipoegesha, gari la jirani lina mama wa rika letu. Buti za mumewe ziko mlangoni, mwenyewe simwoni. Nikiuliza, "Amelala." Siku tatu amelala?! Nikasema huyu kaua mtu.

Leo asubuhi nimejikaza, nikaenda kwa mlinzi. Hata sijafungua mdomo:

"Mama, afadhali umekuja. Jirani yako anasema mumeo haonekani siku ya tatu leo. Yuko wapi?"

YUKO WAPI! Naulizwa mimi! Nikajikuta nasema, "Amelala."

Narudi mbio, nampitia yule mama mlangoni kwake. Macho yakatua kwenye zile buti. Mwenzangu, zote mbili za mguu wa kushoto!

Tukatazamana. Hakuna aliyecheka. Akanisogezea kiti, akaniuliza taratibu:

"Wako alifariki lini?"