Wimbo wa Baba kwa Mkono wa Mama

Ujiji, Jumapili, 9 Novemba

Na bado jirani anasema tuuze gitaa, eti la nini tena tangu mkono wa kulia wa Baba upooze. Imeniudhi mchana kutwa.

Hofu yangu ni kupotea kwa wimbo mmoja. Nyimbo zake nyingine zinapigwa harusini mpaka Ilagala, lakini ule aliotunga akimsubiri Mama avuke ziwa kutoka Kongo hakuwahi kuurekodi. Mimi gitaa silijui.

Jioni Mama alikaa ubavuni kwake. Baba akabana nyuzi kwa mkono wa kushoto, Mama akazipiga kwa mkono wake wa kulia.

"Taratibu, Mama Neema! Hutwangi majani ya sombe kinuni."

"Miaka yote nakusikiliza, leo nisijue?"

Niliurekodi wimbo ule kwa simu. Baba ana vidole vya mkono mmoja tu, na bado gitaa lililia kama zamani. Sijui mwingine anayeweza...

Ulipoisha, Mama alitaka turudie, kwa sababu alichelewa kwenye kiitikio.

"Acha hivyo hivyo," Baba alisema. "Hata kwenye boti ulichelewa, nikakusubiri."

Sikurudia.