Kaburi la Mfalme Shambani Kwetu

Kaka yangu,

Keti kwanza, habari hii haisomwi kwa kusimama! Mahindi yamekubali, mbuzi amezaa mapacha, sote wazima. Sasa sikia!

Yale magofu ya katikati ya shamba, tuliyoambiwa ni kaburi la mfalme, hata tukawa tunavua viatu tukipita, yamefukuliwa na wataalamu wa mambo ya kale. Kile chumba kidogo chenye shimo, ambamo shangazi alikuwa akipiga magoti kuomba mume, kumbe ni choo! Choo, kaka! Shangazi ametema mate mpaka koo limemkauka.

Baba hakucheka. Tangu alipokufukuza nyumbani kwa kukojoa pale, akisema umetufungia mvua, hajawahi kukutaja. Jana alisimama ukingoni mwa lile shimo akitazama chini mpaka nikaogopa. Kisha akasema bila kugeuka: "Mwandikie kaka yako arudi. Mwambie, katika ukoo mzima, ni yeye peke yake aliyejua pale ni mahali pa nini."

Ni mimi mdogo wako,
ambaye chumba chako nimeshakifagia.