Kitufe cha Sita

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Gorno Lipovo, tarehe 19 Mei 2019, saa 3:10 asubuhi

Jina: Tsvetomir Ganev Kolarov
Umri: miaka 41
Kazi: fundi umeme, jumba la utamaduni
Makazi: Mtaa wa Kinu, nyumba namba 8

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia Velko Strashimirov amelala mahabusu kwa madai kwamba uzembe wake ndio uliomwangusha binti yake, Nevena. Naomba iandikwe kabla ya yote kwamba Velko alibonyeza.

Velko anapiga kodiani na wakati huohuo anaendesha taa za jukwaa. Mbele ya kiti chake, pembeni mwa jukwaa, kuna ubao wa midi wa kukanyaga kwa mguu, wenye vitufe sita. Akikanyaga kitufe, kinatuma namba kwenye programu ya taa katika kompyuta yangu, na programu ndiyo inayoamua taa zifanye nini. Hataki mtu wa taa. Anasema ngoma zetu zina mapigo saba na mafundi wote huhesabu nane. Hapo ananisema mimi.

Kitufe cha sita kilikuwa cha giza. Kilizima taa zote kwa sekunde nne katikati ya ngoma ya bibi arusi, ambayo Nevena huicheza akiwa amefunikwa uso kwa shela zito jekundu.

Mnamo tarehe 18 Mei, saa 5:00 asubuhi, tulifanya mazoezi ya onyesho la alasiri. Mbao zinazofunika shimo la wapiga muziki mbele ya jukwaa zilikuwa zimeondolewa na seremala tangu Jumatano, na hazikurudishwa siku hiyo. Shimo lile lina kina cha mita mbili na nusu. Nilimwambia Velko, "Kaka, leo tusizime taa. Mtu ataumia."

Akanijibu, "Bwana umeme, wewe shughulika na nyaya zako. Nevena anajua pa kusimama."

Sikumuuliza anajuaje. Wachezaji walikuwa wanacheka, na mimi sipendi kuchekwa wakati nina haki.

Saa 9:40 alasiri, watu wakianza kuingia ukumbini, nilifungua programu. Namba ya kitufe cha sita niliipa taa nyekundu, zote, badala ya giza. Ubao wenyewe sikuugusa. Sikumwambia mtu. Nilijiona nimeokoa watu, na nilifurahi, niseme ukweli.

Saa 10:25 ngoma ya bibi arusi ilianza. Nevena alikuja mbele taratibu, mikono kifuani. Nilimwona Velko akikanyaga kitufe cha sita, kwenye pigo lake hasa. Ukumbi ukawa mwekundu. Nevena hakusimama. Velko akakanyaga tena, na tena, kisha akanigeukia. "Tsvetko! Giza! Giza liko wapi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya kompyuta. Niliganda. Velko aliacha kodiani akaita jina la binti yake, lakini zumari na ngoma zilimzidi sauti. Nevena alipiga hatua mbili zaidi.

Tukisubiri gari la wagonjwa, Bogdana Rusenova, anayewafundisha wachezaji, alinikamata shati. Alisema, "Chini ya shela haoni kitu, anaona mwanga na giza tu! Giza likiingia anasimama, anageuka. Miaka sita anafanya hivyo. Nani kaliondoa?"

Nilisema, "Sijui."

Velko alikuwa amepiga magoti shimoni kando ya binti yake. Alinisikia. Polisi walipofika na kumhoji, aliwaambia huenda mguu wake ulikosea. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na nilinyamaza. Naona aibu kubwa kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Mpaka asubuhi hii Nevena hajaamka.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu yote, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: Ts. Kolarov

Maelezo ya afisa: Nimemaliza kuandika saa 4:05 asubuhi. Nimemwonya Kolarov kwamba sasa atahojiwa kama mtuhumiwa, na nimemweka chumba cha nyuma. Nimemfungulia Velko Strashimirov mlango wa mahabusu na kumweleza sababu. Hakushukuru wala hakuuliza habari za hospitali. Ameuliza Kolarov yuko chumba kipi. Sijamjibu. Nimefunga mlango wa korido kwa ufunguo na kuomba askari mwingine aje.

Sajini Kalina Dobreva